Mtumbwi Haukaushwi Kama Mahindi

Namna ya kulaza mtumbwi wa zamani nchi kavu, na namna ya kuupakia kwenye remoki bila kuvunja mbavu zake

Ndugu wanamemba, bamama na bapapa wa koperative zetu, leo siandiki juu ya mihogo wala juu ya mbegu. Naandika juu ya kosa langu mwenyewe, ili ninyi msilirudilie.

Mwaka 2024, nchi zinazopakana na Ziwa Tanganyika zilikubaliana kufunga uvuvi tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, ili ndagala, mikebuka na samaki wengine wapate nafasi ya kuzaa na kukomaa. Siku chache mbele ya kufunga, koperative moja ya upande wa Fizi iliniita. Wanamemba wake wanalima na kuvua pia. Walikuwa na mtumbwi wa mbao wenye urefu wa metre 7 hivi, umri wake miaka 11. Waliniuliza: "Agronomu, huu mtumbwi tuuweke wapi kwa miezi mitatu?"

Nilijibu haraka, kama mtu anayejua. Kichwani nilikuwa nawaza ghala. Mahindi yakilala chini kwenye unyevu, yanaoza. Mahindi yakipigwa jua vizuri, yanakaa. Basi nikawaambia: "Uvuteni mbali na maji. Uwekeni juu ya magogo mawili, moja mbele na moja nyuma, hewa ipite chini. Jua liupige, ukauke sawasawa." Wakafanya vile vile nilivyosema.

Tarehe 16 Agosti asubuhi waliusukuma ziwani. Nusu saa haikuisha. Maji yaliingia kila upande, kama kwenye kikapu. Vijana walichota maji kwa bidoni zilizokatwa mpaka mikono ikachoka, kisha wakaurudisha pwani. Tulipoingia ndani kuangalia, tukaona mambo mabaya zaidi: mbavu mbili zimepasuka, pale pale gogo lilipokuwa, na mgongo wa mtumbwi umebonyea katikati.

Mzee mmoja, fundi wa mitumbwi tangu ujana wake, aliweka mkono juu ya mbao, akaniangalia. "Agronomu," akasema, "wewe ulisomea mihogo. Mutumbwi haiko mahindi. Mahindi unaikausha ili ikae. Mutumbwi ukiikausha, inakufa."

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Lakini mama mtunza feza hakucheka. Wavu mpya ulikuwa umenunuliwa kwa mkopo wa AVEC, na malipo ya kwanza yalipangwa mwisho wa Agosti. Ziwa limefunguliwa, mitumbwi ya wengine inarudi na samaki, na wao wanakaa pwani na wavu mpya ndani ya gunia. Walikaa hivyo zaidi ya majuma mawili.

Tangu siku ile nimekuwa mwanafunzi wa yule mzee. Haya ninayoandika nimeyapata kwake, nikiyachanganya na yale machache niliyojifunza shuleni juu ya mti na namna unavyokunywa maji.

MIFUPA YA MTUMBWI

Mtumbwi wa mbao unafanana na samaki. Chini kabisa kuna mkuku. Ni ule mti mnene, mrefu, unaotoka mbele mpaka nyuma kama uti wa mgongo. Juu ya mkuku kumefungwa mbavu. Mafundi wengine huziita mataruma. Nje ya mbavu kumepigiliwa mbao, nazo ni ngozi. Nyuma kuna ubao mpana wa kufungia moteri. Juu, kwenye mdomo wa mtumbwi, kuna mbao ndefu inayounganisha vichwa vya mbavu zote.

Halafu kuna benchi. Wengi wanafikiri benchi ni ya kukalia tu. Hapana. Benchi inakatiza toka upande mmoja mpaka upande wa pili, inazuia mbavu zisifunguke na zisikunjane. Nimeona koperative ambayo ilitoa benchi mbili ili kupata nafasi ya wavu. Mwaka uliofuata mtumbwi wao ulikuwa umepanuka katikati kama tumbo la mbuzi aliyekula sana, na misumari ya mbao za juu ikaanza kutoka.

Kila mfupa una kazi yake. Mkuku unabeba uzito. Mbavu zinalinda umbo. Mbao zinazuia maji. Mbao ya nje ina unene wa sentimetre 2 au 3 tu. Haikufanywa ibebe mtumbwi mzima mahali pamoja. Mkishika neno hili moja, mengine yote katika karatasi hii mtayaelewa wenyewe.

Katika mtumbwi wa zamani, kitu kinachozeeka kwanza mara nyingi ni msumari. Chuma kinakula kutu polepole ndani ya mti, na mti unaozunguka msumari unageuka mweusi na laini. Kwa macho mbao bado iko mahali pake, lakini haishikwi tena na kitu. Ndiyo sababu mtumbwi mzee unahitaji kuegemezwa kwa uangalifu kuliko mtumbwi mpya.

MAJI YANABEBA KOTE, GOGO LINABEBA MAHALI PAMOJA

Mama akimbeba mtoto kwa kitenge, uzito wa mtoto unaenea mgongoni mwote. Anaweza kutembea naye mpaka sokoni. Akimbeba mtoto yule yule kwa mkono mmoja uliokunjwa, baada ya muda mkono unauma. Mtoto hakuongezeka uzito. Kilichobadilika ni mahali pa kumbeba.

Mtumbwi uko vile vile. Ziwani, maji yanausukuma juu polepole, kila sehemu ya tumbo lake kidogo kidogo. Tuseme mtumbwi una kilo 600. Ukiuweka juu ya magogo mawili, kila gogo linabeba karibu kilo 300, na mahali gogo linapogusa ni padogo, pengine upana wa kiganja. Kama gogo limegusa mkuku, mkuku utavumilia. Lakini kama limekaa vibaya na kugusa mbao ya kando, mbao inasukumwa ndani, nayo inasukuma ubavu. Ubavu wa miaka 11 hauna nguvu ya kubishana.

Sasa ongeza mvua. Mtumbwi uliolala wazi, ukiingiwa na maji ya kimo cha sentimetre 10, kwa urefu wa metre 5 na upana wa sentimetre 80, ndani yake kuna lita 400. Lita moja ya maji ni kilo moja. Hizo ni kilo 400, sawa na magunia manne makubwa ya mihogo mikavu, zimewekwa katikati ya mtumbwi usio na kitu chini yake. Hapo mgongo unabonyea. Na mtumbwi uliowekwa juu ya gogo moja katikati unafanya kinyume: mbele na nyuma vinashuka, mgongo unainuka.

Mgongo uliopinda haurudi wenyewe. Mbao zinaachana, pamba inatoka kwenye maungio, na mtumbwi ukiwa na moteri haushiki njia vizuri. Usiku, penye mawimbi, hiyo ni hatari ya watu, si ya mbao tu.

MBAO BADO NI MTI

Hapa ndipo ningepaswa kuwa mwalimu, na ndipo nilipokosea. Mti ni kama fungu la mirija mingi midogo iliyolala pamoja. Ukinywa maji, kuta za mirija ile zinavimba. Ukikauka, zinanywea. Lakini hauvimbi sawa pande zote. Kwa urefu, mbao karibu haibadiliki. Kwa upana, inabadilika sana.

Tufanye hesabu ndogo. Mbao ya upana wa sentimetre 20 ikinywea kwa asilimia 2 tu, inapoteza milimetre 4. Upande mmoja wa mtumbwi ukiwa na mbao tano, jumla ni milimetre 20, yaani sentimetre 2 za nafasi wazi zilizogawanyika kwenye maungio. Maji hayahitaji mlango mkubwa kuliko huo.

Tena kiangazi chetu, Mei mpaka Agosti, kina jua na upepo mkavu wa kusini. Mtumbwi uliolala wazi unapigwa jua upande mmoja asubuhi, upande mwingine jioni, na tumbo liko kivulini siku nzima. Upande mmoja unanywea, mwingine bado. Mbao zimeshikwa na misumari, haziwezi kujongea, basi zinapasuka.

Lakini msielewe vibaya: unyevu nao una ubaya wake. Kuoza kunaletwa na kuvu, kiumbe wa jamii ya uyoga, anayekula mti. Anataka vitu vitatu: maji, hewa na joto. Mti mkavu haumpi maji. Mti uliozama kabisa haumpi hewa. Anapenda mahali pa katikati, penye unyevu usiokauka na hewa kidogo: chini ya benchi, kwenye kona ya ubavu na mkuku, nyuma ya ubao wa moteri, popote matope, magamba ya samaki na majani yamekusanyika. Baharini chumvi inasaidia kidogo kuzuia kuvu huyo. Ziwa letu halina chumvi ya kutosha, na maji ya mvua hayana kabisa.

Kwa hiyo kazi yetu ni mbili: mbao zisikauke mpaka zikaachana, na uchafu wenye maji usilale ndani.

KWANZA UPIME

Mbele ya kuupandisha mtumbwi wa zamani, upimeni. Hamhitaji chombo cha bei. Chukueni kamba, msumari mrefu, nyundo, taa ya mkononi na kaye ya koperative.

Kamba: Fungeni kamba ndani ya mtumbwi, toka kichwa cha mbele mpaka ubao wa nyuma, ivutwe mpaka inyooke kabisa. Pimeni toka kamba mpaka juu ya mkuku, katikati ya mtumbwi. Andikeni kipimo na tarehe, na mtie alama mahali kamba ilipofungwa. Mwezi ukipita, pimeni tena pale pale. Kipimo kikiongezeka, mgongo unashuka. Kikipungua, mgongo unainuka. Tofauti ya nusu sentimetre ni onyo. Rekebisheni magogo siku ile ile.

Msumari: Sukumeni ncha ya msumari kwa mkono ndani ya mkuku, chini ya mbavu, na kwenye ubao wa nyuma. Mti mzima unakataa. Mti ulioza unapokea msumari kama unapokea kwenye muhogo uliopikwa.

Nyundo: Gongeni polepole kwa mpini. Mti mzima unalia kwa sauti kali. Mti mbovu unatoa sauti nzito, kama kugonga gunia.

Taa: Giza likiingia, mtu mmoja akae ndani na taa, mwingine azunguke nje. Panapopita mwanga, na maji yatapita. Tieni alama kwa makaa.

NAMNA YA KUULAZA

1. Ondoeni uzito wote. Moteri ya nguvu za farasi 40 inapita kilo 70, nazo zote zinaning'inia kwenye ubao wa nyuma. Itoeni, pamoja na nyavu, betri, taa na nanga.

2. Uvuteni kwa mkuku. Wekeni magogo ya mviringo chini, manne au zaidi, na kamba ifungwe chini mbele, karibu na mkuku. Msivute kwa benchi wala kwa mdomo wa mtumbwi. Kama pwani yenu ina mawe, pigilieni chini ya mkuku ubao mwembamba wa mti mgumu. Huo ni kiatu chake. Kiatu kikiisha mnabadilisha kiatu, hamkati mguu.

3. Safisheni ndani mpaka kona zote. Kwanguweni magamba na matope. Fungueni matundu ya chini ya mbavu ili maji yapite toka ubavu mmoja mpaka mwingine.

4. Tafuteni kivuli. Kibanda cha majani ya mchikichi kinatosha. Kaeni mbali na vichuguu vya mchwa, na chini ya kila gogo wekeni jiwe bapa, ili mti usiguse udongo.

5. Mkuku kwanza. Mtumbwi wa metre 7 unataka magogo manne au matano chini ya mkuku, kila moja chini ya ubavu, si katikati ya mbavu mbili. La mwisho liwe chini kabisa ya ubao wa nyuma. Pitisheni kisu kati ya gogo na mkuku: kikipita bila kugusa, gogo lile halibebi kitu. Ongezeni kabari nyembamba mpaka ligusane, kisha acheni. Mkipiga kabari kwa nguvu mtauinua mgongo.

6. Kando baadaye. Wekeni nguzo mbili kila upande ili mtumbwi usilale ubavu. Kichwa cha nguzo kiwe na kipande kipana cha mbao, kilichofunikwa mpira wa pine ya zamani, nacho kiguse mahali penye ubavu na benchi. Nguzo za pande mbili zifungwe pamoja kwa kamba inayopita chini, zisiteleze nje. Kazi yake ni kuzuia tu. Kama nguzo inabeba uzito, mkuku haukukaa vizuri.

7. Mbele iwe juu kidogo, sentimetre 5 au 10, na kizibo cha nyuma kitolewe. Mvua ikiingia, itoke yenyewe.

8. Funikeni kwa shitingi iliyowekwa juu ya mti kama paa, na ncha zake ziwe wazi. Mkiufunga kama maiti, joto na unyevu vitabaki ndani, na kuvu atashukuru.

9. Unywesheni. Asubuhi na jioni, mwagieni mbao maji ya ziwa nje na ndani, na magunia yaliyolowa yalazwe juu ya maungio yanayopata jua. Maji yasituame. Ile koperative ya Fizi sasa inafanya kwa zamu, familia moja siku moja, na jina linaandikwa kwenye kaye. Bidoni mbili za lita 20 zinatosha kwa mara moja.

Mzee wangu ana njia ya pili: "Zamani tulikuwa tunaizamisha." Yaani, penye ghuba tulivu, mtumbwi mtupu unajazwa maji na mawe machache juu ya mkuku, unakaa chini ya maji ya kimo cha magoti. Mbao hazikauki na kuvu hapati hewa. Ni njia nzuri, ila si pwani yenye mawimbi ya kusini, na si mahali pasipo na mtu wa kulinda.

MTUMBWI JUU YA REMOKI

Kwa kawaida mtumbwi wetu hausafiri kwa barabara. Lakini maji ya ziwa yalipopanda, mwaka 2020 na 2021 na tena 2024, pwani za Uvira, Baraka na Kalemie zilifunikwa, na pengine mtu hana budi kuhamisha mtumbwi kwa barabara. Wengine wanapeleka mtumbwi kwa fundi aliye mbali. Hapo mnatafuta remoki, na remoki zilizopo ni za kubeba sementi na matofali.

Remoki ya matofali si remoki ya mtumbwi. Ina vyuma viwili au vitatu vinavyokatiza, na tofali halijali linakaa wapi. Mtumbwi ukiwekwa hapo, ni yale magogo yangu mawili tena, ila sasa yanatembea, na kila shimo la barabara ni pigo la nyundo chini ya mbavu. Kama mtamwita mchomeleaji atengeneze remoki, au abadilishe ya zamani, mwambieni hivi:

Mkuku upate mahali pa kulala kwa urefu. Awekwe mti mnene au chuma cha mfereji katikati, toka mbele mpaka nyuma. Uzito wote ukae hapo.

Mbao za kando ziende kwa urefu wa mtumbwi, zisikatize. Mbao mbili ndefu, moja kila upande, zenye miguu inayopanda na kushuka kwa bolti. Shusheni mtumbwi juu ya mkuku kwanza, kisha pandisheni mbao za kando mpaka ziguse tu.

Nyuma isining'inie. Ubao wa moteri uwe na kitu chini yake. Mtumbwi mrefu kuliko remoki unapinda mgongo safari moja tu. Na moteri isafiri ndani ya gari, isifungwe nyuma ya mtumbwi.

Panapogusana pawe na mpira wa pine. Vitambaa na magodoro ya zamani vinashika maji na kuozesha mbao. Vichwa vya misumari vizame ndani ya mpira.

Uzito wa mbele uwe kiasi. Mtumbwi na remoki vikiwa na kilo 800 pamoja, sehemu moja ya kumi, karibu kilo 80, ikae kwenye ndoano ya gari. Watu wawili wenye nguvu wanaweza kuinua pale mbele kwa shida kidogo. Kama mtoto anaweza kuinua, uzito uko nyuma sana na remoki itayumba njiani. Kama watu wanne wanashindwa, uko mbele sana. Sogezeni mtumbwi, au sogezeni ekseli.

Kamba isikamue. Kamba moja ishuke toka mbele mpaka remoki, mbili zishike nyuma. Ya katikati ipite mahali penye benchi, si mahali patupu, maana kamba iliyokazwa sana inakunja pande mbili kama mtu anavyokamua chungwa. Baada ya kilometre ya kwanza simameni mkague. Penye mashimo, gari liende mwendo wa mtu anayetembea.

Na mkiteremsha remoki ndani ya maji, ngojeni kwanza magurudumu yapoe. Beringi yenye moto ikiingia maji baridi inavuta maji ndani, na safari inayofuata itaishia njiani. Tieni grisi kila mnapotoka ziwani.

KURUDI ZIWANI

Kosa la pili tulilifanya siku ile ile ya Agosti. Vijana walipoona nafasi kati ya mbao, walichukua pamba na tindo, wakapiga kwa nguvu zote mpaka kila nafasi ikajaa. Mzee alipofika, akawazuia. Mbao kavu zikipata maji zitavimba na kutaka mahali pake pa zamani. Zikikuta pamba ngumu pale, zitasukumana, na kitakachoshindwa ni msumari au ubavu.

Fanyeni hivi: siku tatu au nne mbele ya kuvua, tieni pamba laini kidogo pale palipo wazi sana, iwe imelowekwa mafuta ya mawese. Pelekeni mtumbwi penye maji ya kimo cha magoti, fungeni, acheni maji yaingie. Msiujaze maji ukiwa bado juu ya magogo! Nchi kavu maji yale ni uzito mtupu. Ziwani maji ya nje yanabeba maji ya ndani. Baada ya siku mbili au tatu mbao zitakuwa zimekunywa. Toeni maji, angalieni panapovuja bado, na hapo tu ndipo mkaze pamba sawasawa.

KUTENGENEZA AU KUACHA

Ule mtumbwi wa Fizi ulipona. Mbavu zilizopasuka hazikutolewa. Fundi aliweka kando ya kila mmoja ubavu pacha wa mvule, unaopita mahali pa ufa kwa pande zote mbili, akaufunga kwa bolti. Mgongo alirudisha kwa kabari, unene wa ukucha kwa siku, kidogo kidogo, mbao zikiwa zimelowa. Haukunyooka wote, ila ulinyooka kiasi cha kutosha. Deni la AVEC lililipwa kwa kuchelewa, na mimi nilikuwa kwenye kikao kile kueleza ni kwa sababu ya nani.

Lakini si kila mtumbwi unapona. Kama msumari unaingia ndani ya mkuku kwa mkono, kama mbavu tatu zinazofuatana zimevunjika, kama ubao wa nyuma unatikisika ukishikwa, msiupeleke tena kuvua usiku. Mbao zake nzima zitafaa kwa mizinga ya nyuki, milango ya ghala na benchi za mkutano. Nimeshasikia watu wakisema, "Tumalize msimu huu tu." Ziwa halijui msimu wenu.

Gharama za kulaza mtumbwi vizuri ni ndogo. Kwa ile koperative zilikuwa vipande vya magogo vilivyobaki kwa mpasua mbao, pine mbili zilizokwisha, kamba moja na siku moja ya salongo. Mara iliyofuata walipoupandisha, walipima kwa kamba kila siku ya posho. Waliporudi ziwani, maji yaliyoingia siku ya kwanza yalikuwa bidoni moja na nusu. Mama mtunza feza aliandika hiyo nayo kwenye kaye, akapiga mstari chini yake, akanionyesha.

Ndugu wanamemba, mkimaliza kusoma karatasi hii, nendeni pwani na kamba. Pimeni mgongo wa mtumbwi wenu leo, mbele haujaanza kulia. Andikeni kipimo. Mwezi ujao nikipita kwenu, kitu cha kwanza nitakachoomba kuona ni ile kaye.